Safari Hii Dereva Atashuka

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na kabla hujakunja uso pokea na za Mama, ambaye amesimama nyuma yangu akijifanya anapanga vikombe kabatini huku anasoma kila ninachoandika. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na lile bega lililokuwa likikusumbua kwa kunyanyua maboksi ya dawa limepata nafuu. Huku kwetu wazima. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na kila jioni anabishana na msoma habari wa redio kama kawaida yake. Matone ya macho uliyotuma yamefika na anatiwa asubuhi na jioni bila kukosa. Hilo naliandika mapema ili usije ukasema tunachezea dawa zako.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo. Kaka, kwenye simu wewe ni mwenyekiti, katibu na mpiga kura. Mimi nikisema "lakini" tu, kikao kimefungwa. Barua haina wa kuikatiza. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa kusonya, na ukiitupa chini utaiokota, maana nakujua tangu tulipokuwa tukilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja na wewe ukivuta shuka lote.

Basi nikuondolee wasiwasi, au nikuongezee: safari ipo. Wiki nzima, kama tulivyopanga, msituni kwanza na mjini baadaye, na Baba anakwenda. Uliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu nimelisikia, nimelipima na nimelikataa. Guu ni langu.

Ngoja nikueleze jambo lilivyoanza, kwa sababu wewe ulilikuta limeshaiva ukadhani nimelipika peke yangu. Siku niliyompeleka Baba kwa daktari wa macho, daktari alisema presha ya macho imeshalimaliza jicho la kulia, na hilo tulikuwa tunalijua. La kushoto bado linaona, lakini linaona cha mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Nikamuuliza litadumu mpaka lini. Akasema matone yanasaidia, ila yeye hatoi ahadi. Linaweza kufika kiangazi kijacho na linaweza lisifike. Baba aliizungusha kofia yake magotini. Tulipotoka nje hakusema neno juu ya jicho. Aliniuliza likizo yangu inaanza lini.

Nikadhani anataka nimzibie paa la stoo. Kumbe anataka matembezi. Alisema twende sote, yeye, Mama na mimi, na wewe ukiweza, tukae siku chache kule kwenye msitu wa maporomoko, halafu tushuke mjini tukamalizie wiki. Nilicheka, kaka, nisikufiche. Mtu ameendesha basi la matembezi zaidi ya miaka thelathini, amepeleka wanafunzi, makarani, maharusi na vikundi vya wastaafu kulekule msituni na kulekule mjini mpaka matairi yakaijua njia, halafu anastaafu anataka kwenda wapi? Kulekule. Nilimtania kwamba yeye ni kama mwokaji anayeomba zawadi ya mkate. Akatabasamu tu, akaniuliza tena likizo inaanza lini.

Tukaanza kupanga, na ungekuwepo ungecheka. Tulikaa mezani, penye kile kitambaa cha plastiki ambacho maua yake yamefutika kwa kupanguswa. Baba aliweka kopo la chumvi akasema huu ndio msitu. Birika la chai likawa mji. Kiberiti kikawa gari, na kikombe cha Mama kikawa nyumbani, ila kwa kuwa Mama alikuwa bado anakinywea, nyumbani kwetu kulikuwa kunahamahama. Mama tangu mwanzo alikuwa upande wa birika. Alisema mti ni mti, yeye amefagia majani uani tangu siku aliyoolewa na hana jipya la kuambiwa na majani. Anachotaka ni mjini: apande lifti mpaka juu kabisa, akae kwenye benchi la bustani inayofagiliwa na mtu mwingine, aingie duka la vitambaa aguse kila kitambaa na atoke bila kununua. Nikamuuliza kama ni wadudu anaowaogopa. Akasema hana ugomvi na wadudu, ugomvi wake ni na watu wanaosafiri mbali kwenda kuumwa nao wakati hapa nyumbani wapo.

Walivutana mpaka chai ikapoa, na Mama alikuwa anaelekea kushinda mji uwe wa kwanza. Sasa unamjua Baba. Baba humwachia Mama redio, dirisha na kipande cha mwisho cha nyama. Lakini pale aligoma. Aliweka kidole juu ya kiberiti akakisukuma mpaka kikagonga kopo la chumvi, akasema msitu kwanza. Mama alimtazama, halafu mwenyewe akalinyanyua birika akaliweka mwisho wa meza. Sikuelewa ni nini kilichopita kati yao, nikadhani ni mambo ya wazee.

Baada ya hapo Baba ndiye akawa mkuu wa msafara. Nani angebisha? Alitueleza kwamba kule kwenye maporomoko tupaki chini ya miti miwili mikubwa upande wa kushoto, maana kivuli kinakaa hapo mpaka adhuhuri na baada ya adhuhuri jua linahamia kwenye matairi ya kulia. Bomba la maji ya rejeta liko nyuma ya vyoo. Ngedere wa pale tusiwachekee hata kidogo, waliwahi kumng'olea mipira ya waipa zote mbili akarudi kwenye mvua akiwa ametoa kichwa dirishani. Mkata tiketi ni msinziaji, unapiga honi fupi mara moja tu, ukipiga ndefu ananuna. Na mjini, kwenye jumba la makumbusho, tuingie uchochoro wa nyuma karibu na lango la mizigo, kuna ukuta mrefu na harufu nzuri ya jikoni. Mimi nikasikiliza, nikasema mzee wetu huyu ni ramani inayotembea. Ukiyasoma maneno haya sasa, kaka, labda wewe mwenye akili nyingi umeshaona kilichopungua. Mimi sikuona.

Halafu ikaja Jumapili ya simu. Tuliiweka katikati ya meza, sauti juu, ili sote tukusikie, na tulikusikia. Ulisema safari isubiri mwakani. Ulisema wiki hiyo Baba aje kwako, ghorofa ya nne, atulie, na rafiki yako daktari amwangalie kwa nafasi. Ulisema njia za msituni zinateleza, na kwamba hutaki baba yako asafirishwe kwenye gari la shule yangu ya udereva, lenye kibao cha wanaojifunza. Yote hayo ningeweza kuyameza. Najua unampenda, na mwenye kupenda ana haki ya kusumbua. Lakini ukaendelea, na maneno yako nayakumbuka yalivyotoka: "Baba akaone nini kule ambacho hajakiona? Amekwenda mara mia. Na hata macho yakikataa, mwakani atakaa pale asikilize maji. Si maji yaleyale?"

Baba akainuka akasema anakwenda kufunga bomba la uani. Bomba la uani halikuwa wazi, kaka. Mama akasema haya, na wewe ukaichukua ile haya ukaenda nayo kama ndiyo, ukafunga kikao. Umekaa naye miaka yote hiyo hujaijua haya ya Mama? Mama akikubali hucheka. Akisema haya, amekata shauri lake na hana haja ya kukwambia.

Kesho yake nilimchukua Baba nikaenda naye kazini kwangu. Hujawahi kufika, ingawa umepacheka mara nyingi. Ni uwanja wa changarawe nyuma ya ghala la mbao, una mapipa manane tuliyoyapaka rangi nyeupe na nyekundu, na kila pipa lina makovu ya mtu aliyesema alikuwa amelitazama vizuri. Hapo ndipo ninapowafundisha watu kurudi kinyumenyume. Gari ni lile dogo unaloliita kopo la rangi. Mwenye shule amenikopesha kwa wiki nzima kwa sharti kwamba kibao cha juu nisikitoe, maana kwake ni tangazo, kwa hiyo ndiyo, tutakwenda msituni na mjini tukiwa tumeandikwa MWANAFUNZI kichwani. Ukiona aibu, ni ya kwako, sisi hatujaiagiza.

Nilitaka azoee kiti. Unajua kiti cha mwalimu kina klachi na breki yake chini, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu aokoe pipa. Sasa Baba, ambaye hajawahi kukaa upande wa abiria tangu alipopata leseni, nilimkalisha hapo. Nikaondoa gari taratibu. Kabla ya kona ya kwanza akakanyaga breki. Nikaondoa tena. Kabla ya kona ya pili akakanyaga. Shingo yangu mpaka leo inalalamika. Nikamwambia aweke miguu nyuma apumzike, sasa yeye ni abiria. Akasema, "Utingo, mguu wa dereva hauna likizo." Bado ananiita hivyo, kwa sababu ya zile Jumamosi nilizokuwa nikimsaidia kuosha matairi ya basi, huku wewe ukikaa kibarazani na vitabu ili mikono isichafuke.

Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Nikazima injini. Na hapa nataka ujue kwamba nilikuwa nafanya kazi yako. Nilikuwa namuuliza Baba yale uliyoyahofia wewe: kutoka pakingi mpaka kwenye maporomoko njia ikoje, ina ngazi au haina, kuna pa kushika, ni mteremko au tambarare. Akanieleza pakingi yote, jiwe kwa jiwe. Akanieleza kibanda cha tiketi. Akanieleza mti wa kizuizi uliopakwa chokaa, unaonyanyuliwa kwa kamba, na jinsi njia inavyoingia kwenye miti baada ya hapo. Nikamwambia sawa, halafu? Akatoa leso akaanza kufuta vumbi kwenye dashibodi, na dashibodi ile ilikuwa safi.

Akasema, "Halafu sijui."

Nilidhani amesahau. Hakusahau, kaka. Baba hajawahi kuvuka ule mti wa kizuizi. Hajawahi kuyaona maporomoko. Hata siku moja.

Soma tena kama huamini, mimi mwenyewe nilimwomba arudie. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kazi. Mwanzoni kabisa kulikuwa na dereva mwenzake waliyemwita Bwana Miluzi. Siku moja aliacha basi akafuatana na abiria kwenda kutazama maji, na aliporudi akakuta kioo kimevunjwa na mizigo ya watu haipo. Alifukuzwa palepale, akarudi nyumbani kwa kuomba lifti kwenye lori. Tangu hapo kampuni ikatoa amri: dereva haliachi gari. Abiria wakishuka, dereva anabaki. Baba alikuwa na mke, na wewe mchanga mgongoni, hakuwa mtu wa kuchezea kazi. Basi akabaki na gari. Alibaki nalo msituni, alibaki nalo mjini, alibaki nalo nje ya jumba la makumbusho akinusa jiko. Miaka yote aliyofanya kazi amewapeleka watu mlangoni pa kila kitu kizuri, halafu akafungua boneti akaangalia oili.

Nikamuuliza, sasa zile hadithi? Unazikumbuka. Hakuna jioni ya safari ambayo hatukumsubiri. Maji yanayoanguka kutoka juu ya wingu. Nyangumi wa mifupa mitupu aliyening'inizwa kwenye dari mjini. Mimi na wewe tulipigana, tena kwa kung'atana, kwa sababu wewe ulisema Baba amesema nyuma ya maji kuna pango na mtu anaweza kusimama ndani asilowe, na mimi nikasema Baba amesema hakuna kitu nyuma, ni mwamba mtupu. Mama alitutenganisha kwa ufagio. Tulikwenda kumuuliza Baba, naye akasema inategemea umesimama wapi, tukaona ni jibu la mtu mwenye hekima.

Kaka, pango lile alilisimulia bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele. Mwamba mtupu ulisimuliwa na mwalimu wa jiografia. Baba alikuwa anasikiliza abiria njia nzima ya kurudi. Alikuwa na desturi yake: kiti cha mbele karibu na dereva hakumpa anayekimbilia dirisha, alimpa msemaji. Kabla ya kuondoa gari aliwapima kwa kioo cha nyuma, akamchagua yule ambaye mdomo wake haujafunga tangu aliporudi kutoka kwenye maji, akamwita aje mbele. Halafu akamuuliza kidogokidogo, rangi gani, kelele gani, ulilowa, uliogopa. Akafika nyumbani akiwa amejaa, akatugawia kama vitu vyake.

Na sasa nafika mahali pagumu, lakini nitaandika. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia ukweli. Akasema aliwahi kuusema, mara moja. Safari ya kwanza ya msituni tangu wewe uanze shule, ulikuwa umeshalitangazia darasa zima kwamba baba yako anakwenda kuona maporomoko na kesho utawaletea habari zake. Alipoingia ulimkalisha kitini, ukasimama mbele yake umekunja mikono kama mkaguzi, ukamwambia haya, sema. Akakwambia alibaki na gari, hakuona. Hukulia. Ulikwenda kitandani bila kula ukageukia ukutani, na asubuhi hukutaka kwenda shule. Safari iliyofuata alimwita yule bibi mbele. Ulipoyasikia ya pango ulikula sahani mbili. Hukumbuki, na wala sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini mtu aliyeuliza Jumapili "akaone nini ambacho hajakiona" ni wewe, na mtu aliyejifanya ameona ili wewe ule chakula chako ni yeye.

Nilimwambia Baba pale kwenye gari kwamba labda kaka yangu ana hoja, mwakani pia maji yatakuwepo, hata ya kusikiliza tu. Nilisema hivyo kumpima, Mungu anisamehe. Akanigeukia na jicho lake lile moja.

"Sauti ninayo tayari, mwanangu," akasema. "Ukizima injini inakufuata mpaka mlangoni pa basi. Nimeisikiliza miaka yote. Mimi nataka maji yenyewe."

Nililia, na sioni haya kuliandika. Mwanafunzi wangu wa zamu iliyofuata, fundi viatu mmoja mwoga sana wa mapipa, alikuwa anasubiri kwenye uzio, akaniona nafuta macho, akadhani matokeo yake yametoka. Ilibidi nimtulize yeye kwanza.

Nilipomweleza Mama nikidhani namletea habari, hakunyanyua hata macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. Alisema anajua tangu mwaka wa kwanza. Viatu vya Baba ni yeye aliyekuwa akivisafisha, na kutoka kwenye maji na matope ya msituni havikuwahi kurudi na tope hata chembe, vilirudi na vumbi la pakingi. Mwenye macho haambiwi tazama, akasema. Hakumuuliza kwa sababu mume anayerudi na hadithi kwa ajili ya watoto wake hahojiwi. Ndiyo maana alilihamisha birika mwenyewe. Mama, ambaye mti kwake ni mti, anakwenda kukaa siku nne kwenye miti na hajalalamika tena, isipokuwa kuhusu mito ya kulalia.

Baba aliniomba nisikwambie. Alisema utajisikia vibaya. Nimemkatalia yeye pia, wiki hii nimewakatalia watu wengi na nimeanza kuzoea. Nataka ujisikie vibaya kidogo, kaka, halafu ufanye jambo la maana.

Kuhusu hofu zako, usidhani nimeendesha kwa macho yaliyofumbwa. Nimempigia simu askari wa msitu. Njia ina ngazi za mbao na kamba ya kushika mpaka kwenye jukwaa la kutazamia, na mahali pa kupumzikia pako. Ngazi za chini zinateleza, kwa hiyo za chini hatuzigusi. Mimi nitakaa upande wake wa kulia, kwenye jicho lililokufa, na Mama atatangulia akilalamika, ili Baba afuate sauti. Daktari wa macho nimemuuliza, hakukataza, alisema tu matone yasipate joto, na chupa ya barafu ninayo. Tutakwenda asubuhi, wakati jua liko mgongoni na maji yanapigwa mwanga. Halafu mjini tutaingia makumbusho kwa mlango wa mbele, ule wenye ngazi pana, na Baba atapita hapo na kofia yake kichwani kama mtu mwingine yeyote. Kisha ni zamu ya Mama na lifti yake, tupande na kushuka mpaka atosheke.

Na usiniulize nani atabaki na gari. Hatabaki mtu. Nitalifunga, nitauweka ufunguo mfukoni mwa Baba, na ngedere wakitaka waipa wazichukue, tutarudi tumetoa vichwa nje. Ukinipigia kura nyingine, nipigie. Ukisema nimekosa adabu kwa mkubwa wangu, nimekosa, na nikirudi nitakuja kukuomba radhi kwa magoti yote mawili. Lakini nitaomba radhi baada ya safari, siyo badala yake.

Jumamosi asubuhi tutapita njia panda ya kwenu. Hatutaingia mtaani kwako kuomba ruhusa. Tutasimama kwenye kile kituo cha mafuta chenye paa la bluu, muda wa kununua maji ya kunywa na Mama kunyoosha miguu. Kiti kimoja nyuma kina kapu, na kapu linaweza kwenda kwenye buti. Ukiwa umesimama pale na begi, utapanda. Ukiwa umesimama na hotuba, tutakupungia mkono. Kibao cha MWANAFUNZI utakiona kwa mbali, hatutapotezana.

Wasalimie sana watoto, na mwambie wifi asante kwa chupa ya barafu. Ndiyo, ni yeye aliyeituma, na alijua ni ya nini, kwa hiyo hata kwenye nyumba yako mwenyewe kura haikutosha. Mama anakusalimu na anasema uje na mto wako. Baba naye anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni anang'arisha viatu, na nimemsomea barua yote, akanung'unika nilipofika kwenye sahani mbili. Anasema nikwambie neno moja tu: kuhusu lile pango nyuma ya maji, mliloligombania mpaka mkang'atana, safari hii atakuletea jibu.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,

Utingo